Ufa wa Shingoni

Annandale, Virginia
14 Januari 2024

Kaka Gregori,

Mama ameniambia simu yako bado imezimwa na iko ndani ya debe la mchele, na kwamba ukiulizwa unasema mlio wake unakukera. Basi sikupigii. Nimeandika, na barua nimeituma kwenye sanduku la parokia. Mama ataipitia akienda misa. Hata ukichukua mwezi mzima kujibu, nitangoja.

Mimi mzima. Bado ninamtunza yule mzee niliyewahi kukutajia, Mzee Ezekiel, mwenye miaka tisini na tatu. Nafika kwake saa moja asubuhi kwa basi kutoka Alexandria, namwogesha, nampa dawa na uji, tunabishana kuhusu chumvi, jioni narudi zangu. Mkewe alifariki zamani. Ana binti mmoja tu, anakaa Sterling, na mwezi wa nane anataka kumhamishia kwake ili nyumba hii iuzwe.

Sasa nina shida ya ufundi. Wiki ya Krismasi bomba lilipasuka kwenye chumba cha chini, maji yakatufika magotini. Katika vitu tulivyookoa kuna kipande cha mbao cha kochi la kale. Kimelowa, kina ukungu mweupe, na kimeingia ufa. Binti alitaka kukitupa. Mzee akakikumbatia kifuani, maji yakimchuruzika kwenye shati, akagoma kukiachia. Nami kwa kiherehere changu nikasema, "Kaka yangu ni fundi seremala. Atatuambia la kufanya."

Usiniaibishe, kaka. Tuanzie wapi?

Mdogo wako,
Leokadia


Mbinga
8 Februari 2024

Leokadia,

Barua nimepata.

Mimi si fundi tena. Karakana imefungwa tangu nirudi kutoka jeshini, na ufunguo anao Mama.

Ukungu upanguse kwa siki na kitambaa, kisha mbao iache ikauke yenyewe kivulini, penye hewa, mwezi mzima. Usiiharakishe. Ufa siwezi kuusemea bila kuuona.

Gregori


Annandale
2 Machi 2024

Kaka,

Barua yako imenifikia juzi, nami nikaisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika pale uliposema "usiiharakishe" nikaishusha. Nilikuwa nimekwisha kuiharakisha. Wiki mbili zilizopita niliilaza ile mbao mbele ya hita nikidhani nasaidia. Siku ya nne nikiwa jikoni nilisikia kitu kinalia, "ta!", kama kijiti kimevunjwa. Ufa uliokuwa mrefu kama kidole sasa ni mrefu kama kiganja, na ukiinamisha mbao unajifungua mdomo.

Nilimwambia Mzee Ezekiel siku hiyohiyo. Aliipapasa ile mbao mpaka nikaanza kulia. Halafu akasema, "Wewe umeipasua kwa joto, bomba limeilowesha kwa maji, mimi niliiacha chini miaka kumi. Tuko watatu. Nani mwingine tumlaumu?" Akaniomba chai.

Nimekuchorea kwa penseli jinsi ilivyo, pande zote, na vipimo nimeandika. Urefu ni inchi ishirini na tisa na nusu. Mti wao unaitwa walnati, ni wa kahawia iliyokolea, unafanana kidogo na mninga uliozeeka. Ufa uko pale palipo pembamba, nimepaweka alama. Binti yake akija huuliza kama tumeshindwa.

Tafadhali, kaka. Nitafuata neno kwa neno safari hii.

Leokadia


Mbinga
24 Machi 2024

Leokadia,

Una simu ya kupiga picha, lakini umenichorea kwa penseli. Nilijiuliza kwa nini. Halafu nikatazama mchoro.

Kochi gani lina mfereji uliochimbwa katikati kwa urefu wake wote? Kochi gani lina mashimo mawili marefu kisogoni, ya kuwekea chupa ya mafuta na fimbo ya kusafishia? Na pale palipo pembamba, palipopasuka, ni mahali pa kushikia kiganja, kidole cha shahada kikiwa mbele. Mkono wangu ulipajua kabla ya macho.

Hicho ni kitako cha bunduki ya vita, nawe ulijua. Umenidanganya katika barua mbili mfululizo, mimi ambaye sikukuomba kitu. Sijui huko mmeambizana nini na Mama kuhusu mimi. Sitaki kutibiwa kwa hila kama mbuzi anayefichiwa dawa kwenye majani.

Usiniandikie tena habari ya kitu hicho.

Gregori

Kiondoe mbele ya hita. Kama bado kipo hapo, kiondoe leo.


Mbinga
2 Aprili 2024

Mwanangu Leokadia,

Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Kaka yako hajui.

Sijui ulimwandikia nini. Siku aliyokwenda kutuma jibu lake alirudi na uso wa radi, hakula. Nikasema moyoni, tumemkosa tena. Alasiri akaja akasimama mlangoni pa jiko, akasema, "Mama, naomba ufunguo." Nikajifanya sikusikia ili aseme tena. Akasema tena.

Basi yuko mle. Siku ya kwanza alifagia kinyesi cha panya tu. Siku ya pili akatoa ubao mzuri wa mninga, ule marehemu baba yenu aliuhifadhi kwa ajili ya kabati, akaupasua kwa shoka makusudi! Nilitaka kupiga kelele nikajizuia. Sasa anaupaka gundi pale alipoupasua na kuufunga kwa mpira wa baiskeli, anaukata mpira, anautazama, anaupasua mwingine. Amekwisha kupasua mbao tatu. Nyundo ikidondoka hashtuki sana kama zamani.

Mimi sielewi kazi gani hiyo ya kuvunja na kuunga. Lakini jana aliomba ugali wa pili.

Kama mmegombana, mwombe radhi wewe. Mimi nitaomba kwa Mungu.

Mama yako


Annandale
16 Aprili 2024

Kaka Gregori,

Umeniambia nisikuandikie habari ya kile kitu. Ninavunja amri mara moja hii, kisha nitanyamaza ukitaka.

Ni kweli, nilijua. Niliogopa kwamba ukisoma neno "bunduki" ungeichana barua kabla ya kufika chini. Na la pili, ambalo ni baya zaidi: nilikuwa na hamu uguse mbao tena. Ningeweza kumuuliza fundi wa hapa. Nilikuchagua wewe kwa sababu nimekukumbuka. Sikuona kwamba kukudanganya ni kukufanya mtoto. Nisamehe.

Sasa nikuambie ukweli wote. Chuma chake hakipo hapa, binti amekifungia kwenye kabati la chuma kwake Sterling, na mimi nashika mbao tu. Mzee alipigana Korea akiwa kijana. Aliporudi alinunua bunduki ya aina ileile katika zile zilizouzwa na jeshi, akidhani ataizoea na kuacha kuiota. Hakuizoea. Aliyeizoea ni mkewe, Loretta. Mwanamke mfupi, mpiga chapa wa ofisi, akaanza kwenda kulenga shabaha Jumamosi, akawashinda wanaume wa kaunti nzima kwa miaka thelathini. Kwenye kile kitako, upande wa kushoto, kuna sehemu nyeusi inayong'aa, pana kama sahani ya kikombe. Mzee alinishika kidole akakiweka pale. "Hapa ndipo shavu lake lilipolala," akasema. "Poda, jasho na mafuta yake viko humu."

Binti anasema ikishindikana, mwezi wa nane atapeleka chuma kikayeyushwe na mbao itupwe, kwa sababu hataki mabaki ya kitu kama hicho nyumbani. Ikipona, ataiunga tena na chuma chake na kuitundika. Anampenda mama yake, ila hajui ampende vipi kupitia mbao iliyooza.

Niliiondoa mbele ya hita siku ileile iliyopasuka. Iko barazani, kivulini, imefunikwa kwa shuka.

Nimemaliza. Hata kama hutajibu, kula vizuri.

Leokadia


Mbinga
10 Mei 2024

Mdogo wangu,

Chukua kalamu uandike haya pembeni, kwa sababu barua hii utaishika kwa mikono yenye gundi.

Kwanza, msasa ni marufuku. Ukipitisha msasa pale shavuni umemfuta mama wa watu, na hakuna mafuta yatakayomrudisha. Uchafu utoe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukikamua sana.

Pili, ufa. Usiupanue kwa bisibisi. Inamisha mbao kidogo mpaka ufungue mdomo wenyewe, sukuma gundi ya mbao ndani kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha ipitishe kwa uzi mwembamba mpaka uione ikitokea upande wa pili. Tafuta mpira wa ndani wa baiskeli, ukate uwe utepe, uufunge ukiuvuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Mpira hubana sawasawa pande zote, chuma huumiza. Acha siku mbili. Nimejaribu kwa mninga mara nne. Ule wa mwisho niliupiga kwenye jiwe, ukavunjika pengine, pale pa gundi pakabaki.

Tatu, mabonde na michubuko: weka kitambaa chenye maji, gusa kwa pasi ya moto, mvuke utainua mbao. Gusa na kuinua, gusa na kuinua.

Mwisho mafuta ya kitani, yale ya kupakia mbao. Kidogo mno. Sugua kwa kiganja mpaka kiganja kiwe moto, futa, acha siku, rudia. Vitambaa vya mafuta usivikunje ukaviacha ndani, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje.

Haya ndiyo ya mbao.

Sasa kwa nini nilikasirika. Kule Kongo kwenye kikosi chetu kulikuwa na kijana wa Tukuyu, Lusekelo. Mcheshi, mwenye kelele, anaimba vibaya. Kitako cha bunduki yake kilikuwa na ufa palepale ulipochora wewe, shingoni. Kwenye ghala la silaha walimwambia angoje. Akaniletea mimi, kila mtu alijua mimi ni seremala. Nikamwambia kesho. Kesho yake nilikuwa nacheza drafti, nikamwambia kesho. Ikawa kesho ya siku tisa. Akaufunga mwenyewe kwa kamba ya viatu akaenda na bunduki hiyo doria, mimi nikabaki kambini. Hakurudi akiwa hai.

Kazi ya nusu saa, Leokadia. Gundi nilikuwa nayo kwenye begi.

Hilo sijamwambia mtu, hata Mama. Sasa unajua ulichonichorea kwa penseli.

Gregori


Annandale
5 Juni 2024

Kaka yangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sina maneno ya kukupa juu ya Lusekelo, na nikiyatafuta nitayaharibu. Nakuambia tu kwamba nimesikia.

Mpira wa baiskeli nimeupata kwa fundi mmoja karibu na chuo. Alikuwa na mapipa ya mipira iliyotoboka, akanipa miwili akacheka nilipomwambia ni ya kumfunga mgonjwa. Gundi ilipita mpaka upande wa pili kama ulivyosema. Mzee alishika uzi, mimi nikainamisha mbao. Mikono yake hutetemeka kwa kila kitu isipokuwa uzi ule. Siku mbili baadaye tulipofungua, alipitisha ukucha mara tatu kuutafuta ufa, akaukosa, akanitukana kwa furaha.

Siku ya pasi ndiyo ya kusimulia. Cherono, yule Mkenya ninayekaa naye, alikuja kunichukua kwa gari, akanikuta jikoni nimeinama juu ya meza. "Aki Leokadia," akasema, "si hiyo ni bunduki unapiga pasi?" Nikamwambia ni mbao tu. "Mbao my foot! Mimi nitakungoja kwa gari." Baada ya dakika tano akarudi, akaona bonde moja likijaa mvuke na kupanda, akaninyang'anya pasi akamaliza mwenyewe yaliyobaki.

Kuna jambo nimelifanya na sijui kama utanisamehe tena. Mzee aliniuliza kwa nini nilikuwa nalia nikisoma. Nikamweleza. Alitaka kukuandikia. Karatasi yake hii hapa, nimeitafsiri alivyoitamka. Usipotaka, usiisome.

Leokadia


Annandale
5 Juni 2024

Bwana Gregori,

Dada yako anaandika, mimi nasema. Asante kwa kazi nzuri.

Sitakuambia usijilaumu. Niliambiwa hivyo na watu wengi wema na haikunisaidia kitu. Lakini baada ya jeshi nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kampuni ya bima, nikikagua ajali. Kila siku nilikutana na watu waliokuwa na uhakika wa kilichosababisha ajali. Nusu yao hawakuwepo.

Kwa hiyo nina maswali ya kazi. Ulikuwepo? Dada yako anasema hapana. Nani alikuwepo? Bunduki ilipopatikana, ilikuwa imevunjika shingoni au nzima? Nani aliirudisha ghalani? Umewahi kumuuliza?

Huenda jibu likawa baya. Hilo siwezi kukuficha. Lakini faili yako haina shahidi hata mmoja, na mimi nisingeitia sahihi faili kama hiyo.

Ezekiel


Makambako
12 Julai 2024

Leokadia,

Niko gesti ya hapa Makambako, naandika juu ya kitanda. Usishtuke, ni kwa jambo jema.

Nilipoisoma karatasi ya mzee wako nilikasirika kwa siku nzima. Ananiuliza kama karani! Siku ya pili nikagundua kwamba kinachonichoma ni kitu kimoja: sikuwahi kuuliza. Walipomleta Lusekelo nilijifungia hemani, nikasema ninaumwa, nikaomba kurudishwa. Kila aliyetaka kunieleza nilimkatiza. Nilikuwa na jibu langu, nililishika kama mali.

Aliyekuwa naye doria ni Jawad, wa Tanga. Nilijua ameacha jeshi na anauza rangi za nyumba hapa. Nikapanda basi. Nilizunguka duka lake mara mbili kabla ya kuingia. Alipika chai nyuma ya makopo, nikamuuliza nikiangalia sakafu.

"Ile bunduki ya Lusekelo. Ilivunjika?"

"Bunduki gani?"

"Yake. Yenye ufa."

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. "Gregori, Lusekelo hakuwa na bunduki mkononi. Lori lilikwama kwenye tope. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushuka kusukuma, akaiacha garini, chini ya benchi. Tulikuwa sita tumeegemea bodi, anatuhesabia moja, mbili, tatu. Risasi ya kwanza kabisa ilimpata yeye. Sisi wenyewe hatukujua imetoka wapi."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyeitoa chini ya benchi nikairudisha ghalani. Ile kamba ya kiatu ilikuwa imekaza vilevile. Mtunza ghala hata alinigombeza, anasema nani kafunga uchafu huu."

Nikamweleza zile siku tisa. Akaweka kikombe chini. "Wewe umekaa na hilo miaka mitatu?"

Nilicheka, Leokadia. Mtu amekufa, na mimi nacheka dukani kwa watu mpaka mteja akatoka. Halafu nikaona aibu ya kucheka, ndipo nikalia. Jawad alifunga mlango tukakaa humo mpaka saa kumi.

Sijapona kwa siku moja. Jana usingizi ulikuwa mbaya kama kawaida. Na ahadi niliyoivunja bado niliivunja. Alikuwa rafiki yangu, aliniomba kitu kidogo, nami sikukifanya. Lakini hilo lina ukubwa wake. Nikilipima, naweza kulibeba.

Mwambie Mzee Ezekiel faili ina shahidi.

Jawad ameniambia jingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda Tukuyu kwa mama yake Lusekelo.

Gregori


Annandale
11 Agosti 2024

Kaka Gregori,

Nilimsomea mzee barua yako mezani. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye kamba ya kiatu alipiga meza mara moja kwa kiganja, akasema, "Shahidi mzuri." Baadaye nilimkuta anapangusa miwani, na miwani haikuwa na kitu.

Kazi imekwisha. Mafuta tulipaka mara tisa, kidogo mno kama ulivyoagiza. Kila siku mimi nilisugua upande mmoja na yeye upande wake, wa kushoto, hakuniruhusu kuugusa. Mbao imekuwa na rangi ya asali iliyokolea, mishipa yake inaonekana, na mahali pa shavu pamebaki peusi pakang'aa kuliko kwingine kote. Ufa ukitazama kwa makini utauona, mstari kama unywele. Mzee anasema ni haki uonekane.

Jumapili binti alikuja na chuma. Ilibidi mzee amwelekeze kwa mdomo, maana vidole vyake havina nguvu. "Sukuma. Bonyeza hapo. Hapana, kwa nguvu, mama yako alikuwa anafanya hivi akiongea na simu." Ilipoingia ililia "tak", akashtuka. Kisha bila kuambiwa na mtu, yule dada wa miaka sitini, mwenye koti la ofisi, akainama akaweka shavu lake pale kwenye weusi. Halikutosha sawasawa, yeye ni mrefu. Alikaa hivyo muda. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ameamua itatundikwa sebuleni, si kwenye kabati. Wamehama jana. Mimi nitakwenda Sterling siku tatu kwa wiki, ni mabasi mawili na treni moja, lakini mzee amesema msaidizi mwingine hamtaki. Siku nyingine nimeanza masomo ya uuguzi hapa chuoni Annandale. Sikuwaambia mapema kwa sababu niliogopa kuanza na kuacha.

Mama anasema unafunga begi la vifaa kwa safari, na husemi unakwenda wapi. Nadhani najua. Nakuombea.

Leokadia


Tukuyu
3 Septemba 2024

Mdogo wangu Leokadia,

Hongera ya uuguzi. Nimeisoma kwa sauti kwenye basi, jirani yangu wa kiti naye amekupongeza.

Ulijua vizuri. Mvua ya hapa ni ya kila saa, nimefika nimelowa mpaka begi. Nyumba ni ya mwisho kabla ya bonde, katikati ya migomba. Nilimkuta mama yake Lusekelo anamkatia ng'ombe majani. Nikasema, "Shikamoo, mama. Naitwa Gregori. Nilikuwa kikosi kimoja na Lusekelo."

Akasimama na mundu mkononi. "Gregori fundi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema Lusekelo alikuwa akimpigia simu kila Jumapili na kumsimulia watu wote wa hemani. Kuna mmoja anakoroma, kuna mmoja anauza sigara, kuna fundi Gregori anayeshinda drafti kwa kuiba. Alinijua miaka yote hiyo, mimi nikimkimbia.

Hakutaka niseme lolote kabla ya kula. Nilipomaliza nikamwambia kila kitu, na ufa nikausema, siku tisa nikazisema, kamba ya kiatu, lori, mikono yake kwenye bodi. Sikuruka hata neno. Alisikiliza akitazama moto.

"Kwa hiyo miaka mitatu," akasema, "hukuja kwa sababu ya ubao?"

"Ndiyo, mama."

"Wakubwa walikuja na bendera na karatasi. Wakasema amekufa kishujaa, wakanywa soda, wakaondoka. Nikawauliza alikuwa anafanya nini. Hakuna aliyejua. Miaka mitatu sijui mwanangu alikuwa anafanya nini." Sauti yake ilipanda, nikadhani atanifukuza, na ningeondoka. "Kumbe alikuwa anasukuma gari. Anahesabu."

"Anahesabu, mama. Kwa sauti."

"Lazima kwa sauti. Yule hakujua kunong'ona."

Akajifuta kwa upande wa kanga, akanyanyuka, akatoka mvuani bila kusema. Nilibaki peke yangu na moto. Aliporudi alikuwa na dada yake, na wajomba wawili, na jirani mmoja mwanamke aliyemlea Lusekelo alipokuwa mchanga. Wakakung'uta maji, wakakaa kwenye mkeka kunizunguka. Mmoja aliniongezea kuni.

"Anza tena," mama akaniambia. "Lakini usianzie kwenye lori. Anzia alipoamka."

Nikaanza na chai, kwamba asubuhi ile Lusekelo aliilalamikia haina sukari.

Kaka yako,
Gregori